Mia, Moja na Ishirini

Lindenau, Dakota Kaskazini
7 Julai 1936

Dada Paulina,

Mama ni mzima. Nimetanguliza hilo kwa sababu nakujua, unaruka mistari kutafuta nani amekufa. Hajafa mtu. Wamekufa kuku wetu kumi na wanne, na mabata bukini wa Bibi Rott wote.

Jana ilikuwa Jumatatu ya kufua, na hata dunia iungue, kwa Mama Jumatatu ni ya kufua. Saa kumi na moja na nusu jioni nikasikia beseni linaanguka kwenye jiko la nje. Nilimkuta amelala chini, uso mkavu, hana tone la jasho. Nikamburuta kwa makwapa hadi kwenye handaki la viazi, nikamfunika shuka nililolilowesha kisimani. Nikaenda kuchukua kile kipimajoto chake cha homa, kinachoishia nyuzi 108, nikakikuta kimepasuka chenyewe ndani ya droo, zebaki imetapakaa kwenye vifungo vya nguo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Babu hakujua lolote. Alikuwa upande wa kivuli anatema maganda ya alizeti, anasubiri saa kumi na mbili yake. Ilipofika akaenda kwenye sanduku lake jeupe la kupimia joto, akaingiza kichwa ndani, akakaa humo muda mrefu kama kawaida yake siku hizi. Kisha akaita.

"Tilia, we mtoto, uko wapi? Andika."

"Niko handakini, Babu. Sema tu."

"Mia, moja na ishirini. Umesikia? Mia, moja na ishirini."

"Nimesikia."

"Sasa kama umesikia mbona hushangai?"

"Nashangaa, Babu."

Akakizungusha kipimajoto cha sandukuni ili zebaki irudi chini, akafunga mlango wa sanduku. Mama alipoweza kumeza maji nikaandika kadi ya ofisi ya hali ya hewa, nikaikimbiza posta kabla ya treni.

Nina jambo sijamwambia mtu, nakwambia wewe kwa sababu uko mbali na huwezi kunitazama usoni. Babu haoni. Mtoto wa jicho, yote mawili. Kahawa anaimimina pembeni ya kikombe halafu anasingizia meza. Mwezi wa tatu alinitajia namba, nikaandika 62, kisha nikatazama nje nikaona theluji imefika dirishani. Tangu siku hiyo, kila jioni robo saa kabla yake, najifanya nakwenda kuokota mayai, nafungua sanduku nasoma mwenyewe. Akisha kusoma yeye, namba yake naiacha ipite sikio hili itokee lile, naandika yangu. Jana ndiyo siku pekee sikuweza kwenda, kwa ajili ya Mama. Jana nimeandika ya kwake.

Usimwambie Baba ukimwandikia kule anakojenga bwawa, Montana. Babu ana miaka thelathini na moja hajakosa siku hata moja. Ng'ombe wote isipokuwa Scheck serikali iliwanunua, ngano imeungua, nzige wamekula mpaka mpini wa jembe. Amebaki na sanduku.

Mdogo wako,
Ottilia


Ofisi ya Hali ya Hewa ya Jimbo
11 Julai 1936

Bw. Andreas Heupel,
Mtazamaji, Kituo cha Lindenau

Yah: Usomaji wa tarehe 6 Julai

Kadi yako imetufikia, ahsante. Inaonyesha kiwango cha juu cha nyuzi 112 za Farenhaiti. Vituo vitatu vinavyokuzunguka vimeleta 118, 119 na 120 kwa siku hiyo hiyo. Nchi yenu ni tambarare, haina mto wala kilima cha kueleza tofauti hiyo.

Nakuomba utueleze kama shida ni kifaa, ni sanduku, au ni usomaji. Kama ni usomaji, na umri umeanza kukusumbua, niambie bila kuona haya. Mwenye ghala la nafaka hapo kwenye kituo cha treni ameomba mara mbili sanduku lihamishiwe kwake, na sijamjibu.

Wako,
Arne Sundby
Karani wa Vituo


Lindenau
13 Julai 1936

Bw. Sundby,

Barua yako nimeipata. Macho yangu ni mazuri sana na usomaji haujawahi kunisumbua. Tarehe 6 asubuhi ng'ombe wetu alijikuna kwenye mguu wa sanduku, likayumba. Yamkini kipimajoto kiliguswa. Nimelinyoosha mwenyewe na sasa kila kitu ni sawa. Hakuna haja ya kulihamisha.

Wako mtiifu,
Andreas Heupel


Lindenau
14 Julai 1936

Dada Paulina,

Jana nimeandika barua ya uongo kwa Kiingereza. Nimegundua kwamba kudanganya kwa Kiingereza ni rahisi kuliko kwa lugha yetu. Maneno yenyewe hayanijui.

Ofisi wameandika kwamba 112 yetu si kweli, kwamba majirani wana 118, 119 na 120. Kwa hiyo Babu alikosea, kama nilivyoogopa, siku moja tu niliyomwachia. Na mwenye ghala analitaka sanduku. Unamkumbuka, yule anayetuita Warusi tukiingia ghalani kwa kuwa wazee wetu walitoka Urusi, na tukisema sisi ni Wajerumani anasema hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Barua ilikuja kwa jina la Babu. Mimi ndiye ninayemsomea barua zote za Kiingereza, kwa hiyo nilisimama mbele yake na karatasi mkononi.

"Wanasemaje?" akauliza.

"Wanashukuru kwa kadi."

"Hawakusema kitu kuhusu namba ile?"

"Wamesema ni kubwa."

"Si nilikwambia," akasema, akachukua alizeti nyingine. Alifurahi, Paulina. Siku nzima alikuwa akimwambia Mama kwamba ofisi wameandika ni kubwa.

Kisha nikaenda chumbani nikaandika kwamba ng'ombe aligonga sanduku. Nikaweka sahihi yake. Naijua vizuri, ile H yenye mkia. Unajua mimi kanisani hata kuimba naimba kwa midomo tu, sauti haitoki. Sijui mkono huu ulipata wapi ujasiri.

Joto halijashuka. Tunalala handakini. Mama anatembea lakini kufua bado.

Ottilia


Ofisi ya Hali ya Hewa ya Jimbo
18 Julai 1936

Bw. Heupel,

Nashukuru kwa maelezo ya tarehe 13. Kwa kuwa unasema sanduku liligongwa, kanuni inatutaka tukikague kifaa mahali pale pale. Fundi wetu atafika Lindenau Jumatatu, tarehe 3 Agosti, kwa treni ya mchana, na kipimajoto cha kulinganishia. Atakuomba usome vyote viwili mbele yake.

Arne Sundby


Lodi, Kalifornia
19 Julai 1936

Tilia mpenzi,

Barua zako mbili nimezipata, ya pili jana. Nimezisoma nikiwa nakata mizabibu, Emil wangu akanigombeza kwamba nakata vidole.

Sasa keti chini. Barua yako ya kwanza ninayo hapa. Umeandika kwa mkono wako kwamba Babu aliita "mia, moja na ishirini," na alirudia. Hebu isome tena polepole. Hiyo ni mia moja ishirini na moja, Tilia. 121. Majirani wana 118, 119, 120. Babu hakukosea kitu. Wewe ulikuwa handakini na Mama miguuni, ukasikia mia, ukaandika moja. Ukasikia moja, ukaandika moja. Ukasikia ishirini, ukaandika mbili. Ukapata 112. Umeandika kwa mpangilio wa masikio.

Umesahau darasa la pili? Mwalimu wa Kiingereza alikuwa akitaja thelathini na tano, sisi tunaandika hamsini na tatu, kwa sababu kwetu kidogo ndicho kinachotangulia. Ulisimamishwa ukiangalia ukuta wiki nzima. Mimi nilisimamishwa mbili. Mjinga gani mwingine duniani anaweza kukosea hivyo kama si sisi, tunaohesabu kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine?

Na ile 62 yako ya Machi, yenye theluji dirishani. Alisema nini siku ile? Naweka dau la keki nzima kwamba alisema sita na ishirini.

Kwa hiyo macho yake mabovu, sikatai, kahawa nimeiona mwenyewe kabla sijaolewa. Lakini namba anazipata. Sijui anazipataje. Muulize.

Na ng'ombe wako huyo mtoe kwenye barua haraka. Mwandikie karani ukweli kabla hawajatuma mtu kukagua.

Dada yako,
Paulina


Lindenau
24 Julai 1936

Bw. Sundby,

Mimi si Andreas Heupel. Naitwa Ottilia Heupel, ni mjukuu wake, nina miaka kumi na mitano. Barua ya tarehe 13 niliiandika mimi, na sahihi ni yangu ya kuiga. Babu hajui kwamba uliwahi kumwandikia kulalamika. Kiingereza hasomi, na mimi ndiye ninayemsomea, na nilimsomea kitu kingine.

Hakuna ng'ombe aliyegonga sanduku. Nilimtunga.

Tarehe 6 Babu alisoma nyuzi mia moja ishirini na moja. Aliitaja kwa Kijerumani. Kwetu mamoja hutajwa kabla ya makumi, yaani mia, moja na ishirini, na mimi nikaandika tarakimu kwa jinsi zilivyofuatana. Mama alikuwa amezirai na nilikuwa na haraka. Kosa ni langu peke yangu.

Tena kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Babu ana mtoto wa jicho. Tangu Machi nilidhani hawezi kusoma, kwa hiyo nilikuwa nasoma mwenyewe kabla yake na kuandika namba zangu bila kumwambia. Juzi nilimfuata nikachungulia. Ana kioo cha kukuzia, kile alichokuwa akikagulia mbegu za ngano. Anakiweka kwenye zebaki, anasoma kwanza kwa jicho la kushoto, halafu la kulia, halafu anarudia. Ndiyo maana anachukua robo saa. Sisi tulidhani anasali. Siku zote mbili nilizolinganisha, juzi na jana, namba zetu zimekuwa sawa.

Naomba urekebishe ile 112 iwe 121. Na kama inawezekana, fundi asije, au akija asimjaribu macho. Sijawahi kumwandikia mtu nisiyemjua. Samahani kama kuna mahali sikuandika kwa heshima.

Ottilia Heupel


Ofisi ya Hali ya Hewa ya Jimbo
29 Julai 1936

Binti Ottilia,

Nimekuelewa. Mama yangu alizaliwa Norwe, na alikufa akiwa bado anahesabu mishono kwa Kinorwe. Nitajibu kwa mpangilio.

Kwanza, hakuna kanuni inayokataza kioo cha kukuzia. Kanuni inataka namba sahihi kwa saa iliyowekwa. Sanduku halihami, na mwenye ghala nimemwandikia hivyo leo.

Pili, kosa la tarakimu hurekebishwa kwa mstari mmoja wa wino mwekundu na herufi za jina la karani. Nafanya hivyo kila mwezi. Ungeniandikia tarehe 13 haya uliyoniandikia tarehe 24, 121 yenu ingekuwa kwenye kitabu sasa hivi.

Lakini barua ya ng'ombe ipo. Ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na nakala ikaenda makao makuu pamoja na ombi la fundi. Kwa ofisi, kifaa cha Lindenau kiliguswa tarehe 6, na aliyesema hivyo ni mtazamaji mwenyewe kwa sahihi yake. Nimepeleka barua yako ya pili pia. Jibu limerudi kwa simu: maelezo yanapingana, kwa hiyo usomaji wote wa Julai utawekwa alama ya shaka na hautahesabiwa. Mimi binafsi naamini ilikuwa 121. Fomu haina safu ya imani yangu.

Kwa Babu yako hii ina maana kwamba Julai 1936 itakuwa mwezi wake wa kwanza usio kamili tangu 1905. Pole.

Fundi atakuja Jumatatu kama ilivyopangwa. Ni mtu muungwana, lakini ataeleza sababu ya safari yake, na anajua Kijerumani kidogo. Ni vizuri Babu yako asikie kwako kwanza.

Arne Sundby


Lindenau
1 Agosti 1936

Dada Paulina,

Barua ya karani ilifika jana saa tano asubuhi. Niliisomea njiani, nikaisomea tena nyuma ya zizi. Nilikuwa na mpango. Ningemwambia Babu kwamba fundi anakuja kubadilisha kipimajoto kwa sababu ya uzee wa kifaa, na fundi nimuwahi kituoni nimsihi. Nilikuwa nimeshapanga hadi maneno, kwa Kiingereza.

Babu alikuwa kwenye benchi lake. Akasema, "Hiyo karatasi unayoikunjakunja ni ya ofisi?"

"Ndiyo, Babu."

"Basi soma. Na leo usinisomee kwa kifupi. Barua za ofisi zimekuwa fupi mno mwaka huu."

Kumbe alikuwa akijua kuna kitu. Nikaisoma yote, nikiigeuza mstari kwa mstari. Ilibidi nimweleze na zilizotangulia, kwa sababu hakuelewa ng'ombe ametoka wapi. Sauti yangu ilikuwa chini mpaka akaweka mkono sikioni.

"Rudia hapo kwa ng'ombe."

Nikarudia.

"Scheck huyu huyu? Ambaye hata mlango wa zizi anauogopa?"

"Ndiyo."

"Umemsingizia mnyama wa watu." Akacheka kidogo, bila sauti. Kisha akaacha. "Na mwezi mzima?"

"Mwezi mzima, Babu."

"Pamoja na tarehe sita."

"Pamoja na tarehe sita."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliniuliza tangu lini nilikuwa nasoma kabla yake, nikasema tangu Machi. Akauliza kwa nini sikumwuliza kama anaona. Nikasema niliona aibu. Akauliza aibu ya nani, yake au yangu. Akasimama, akashika ukuta wa nyumba, akaufuata hadi upande wa pili ambako hakuna kivuli, akakaa huko juani. Nilitaka kumfuata, Mama akanishika gauni. "Mwache. Anahesabu miaka yake."

Chakula cha mchana hakula. Mama alipika supu ya vipande vya unga anayoipenda, ikapoa. Mimi pia sikula, lakini hakuna aliyeniona.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi akaita, "Tilia. Njoo na kadi."

Nikaenda. Alikuwa amesimama mbele ya sanduku, mlango wazi, kioo chake mkononi. Nilidhani atasoma. Akasogea pembeni.

"Soma wewe."

Nikasoma moyoni.

"Kwa sauti. Mimi si zebaki, sipandi kimyakimya."

Nikasema kwa lugha yetu, nne na tisini. Bibi Rott alikuwa anapita barabarani na ndoo zake, akageuka. Babu akasema hasikii. Nikasema tena, kwa nguvu, hadi nikaona aibu mbele ya Bibi Rott na kuku wachache waliobaki. Babu akaingiza kichwa, akakagua kwa jicho moja, halafu la pili, akatoka.

"Sawa," akasema. "Sasa andika. Tarakimu moja moja, na unitajie kila moja unapoiweka."

"Tisa," nikasema, nikaandika.

"Halafu?"

"Nne."

"Na mwisho wa kadi, pale pa jina, unaweka la nani?"

Nikasema la kwake, kama siku zote.

"Aliyesoma leo ni nani?"

Nikatazama kadi. Alinisubiri. Kwa kusubiri hana mpinzani, unamjua.

"Ni mimi, Babu."

"Basi weka hilo. Mimi nitakuwa nakukagua. Jumatatu fundi akija, wewe ndiye utakayesoma vile viwili mbele yake, na kwa sauti hiyo ya sasa hivi, si ile ya kanisani."

Nikaandika jina langu. H yangu, Paulina, haikutoka na mkia wowote. Akakizungusha kipimajoto mwenyewe, hiyo kazi hajaniachia, akafunga mlango wa sanduku, akaniambia nikimbie, treni haisubiri.

Leo ni tarehe mosi. Asubuhi alimwomba Mama supu ya jana, akaila baridi.

Mdogo wako,
Ottilia Heupel